Mgeni Juu ya Paa

Leo tunawaomba mtazame juu, wote mnaokaa Nairobi na mnaofika humo kwa kazi.

Tangu mwezi wa kumi hadi mwezi wa nne, mji wetu hupata mgeni ambaye wengi wetu hatumjui. Ni kozi. Msimdhanie kuwa mwewe. Mwewe twamjua sote: mkia wake una panda, naye huzunguka polepole juu ya majaa akitafuta mabaki. Kozi hapati ukubwa kuliko kunguru. Mabawa yake yamechongoka, mgongo wake una rangi ya majivu, na shavuni ana alama nyeusi kama masharubu. Jike humzidi dume kwa ukubwa. Hukaa kimya ukingoni mwa jengo refu, kwa maana kwake jengo lile ni jabali tu, na njiwa wa mjini ni chakula chake. Njiwa akipita chini, kozi hukunja mabawa akajitupa kama jiwe, kwa mwendo upitao kilomita 300 kwa saa. Hakuna kiumbe mwingine mwenye mbio hizo.

Mwenye kutaka kumwona asimtafute yeye kwanza. Awatazame njiwa. Kundi likiruka ghafula kutoka paani, likajikusanya na kupinda huku na huku kwa hofu, hapo ainue macho. Mara nyingi ataona mwewe, au hataona kitu. Shingo itauma, nadhani hiyo ndiyo shingo ngumu pekee ambayo manabii hawakuikemea.

Wako kozi wakaao Kenya mwaka mzima, lakini wale tunaowangojea huzaliwa kaskazini ya mbali huko Urusi, katika nchi tambarare isiyo na miti, karibu na bahari ya barafu. Baridi ikianza huko hushika njia, nao wafikapo kwetu wamekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 7,000. Jina lao la kitaalamu, peregrinus, ni neno la Kilatini, maana yake mgeni au msafiri. Hata kinda wa mwaka wa kwanza huja bila wazazi kumwonyesha njia. Katika sura ya 39 ya kitabu cha Ayubu, Mungu amkumbusha yule mzee kwamba safari ya ndege wa namna hii kuelekea kusini haikupangwa kwa akili ya mwanadamu.

Lakini akili ya mwanadamu nusura immalize. Baada ya vita vya pili vya dunia, wakulima wa Ulaya na Marekani walinyunyiza dawa ya DDT mashambani ili kuua wadudu. Kozi hakunyunyiziwa. Ndege wadogo walikula wadudu wenye sumu, kozi akala ndege wengi, na sumu ikajilimbikiza katika mafuta ya mwili wake. Yeye aliendelea kuruka kama kawaida. Ila maganda ya mayai yake yalikuwa membamba, na mama alipoyalalia ili kuyapa joto, yalivunjika chini yake. Fikirini jambo hilo, akina mama mnaotusikiliza. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, mashariki ya mto Mississippi hapakusalia kozi hata mmoja mwenye kiota.

Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1972. Wataalamu wakiongozwa na Tom Cade walilea makinda kwa mikono na kuwaachilia, wengine juu ya majengo ya miji mikubwa. Mwaka 1983 kozi walizaa tena New York, juu ya madaraja. Mwaka 1999 serikali ikawaondoa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Basi jike atakayekaa juu ya Nairobi mwezi wa pili, mwezi wa sita atakuwa na mayai matatu au manne kule kaskazini, mahali ambapo sisi hatutafika kamwe. Sumu atakayoila kwetu yaweza kusafiri naye.

Ndiyo sababu hatufurahi tusikiapo wazee wa kanisa wakisema kwamba njiwa wamezidi darini, basi na wamwagiwe mahindi yenye dawa. Njiwa aliyekula dawa huruka kwa uzito, na arukaye kwa uzito ndiye anayekamatwa kwanza. Kinyesi kinaharibu madhabahu, ni kweli. Tumekisugua sisi wenyewe. Lakini wavu wa waya ukipigiliwa vizuri chini ya paa unatosha, na kazi hiyo vijana wataimaliza Jumamosi moja. Njiwa watahamia paa la jirani, na kozi atawafuata huko.