Koo Linapowaka: Mvuke wa Matone na Kichupa Kilicho Nyumbani

Kama una uji jikoni, punguza moto kwanza kisha usogee karibu na redio, kwa sababu jambo la leo huenda limeshaingia nyumbani kwako bila wewe kulitambua.

Majuma machache yaliyopita mama mmoja alimleta kijana wake kwenye zahanati ninakofanyia kazi. Kijana ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne na anatafuta kazi. Mama akaniambia, "Sista, huyu koo linamwaka mwezi mzima sasa. Nimemnunulia dawa kwa kemisti mara mbili, nimempa tangawizi na asali, lakini wapi!" Nikamulika koo kwa tochi. Lilikuwa jekundu na kavu, lakini halikuwa na usaha, na mwili haukuwa na joto. Nikamwomba mama atusubiri nje kidogo. Hapo ndipo kijana alipotoa mfukoni kifaa kidogo cha chuma na kichupa chenye picha ya embe, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sista, nirekebishe nini? Mvuke unanikwaruza koo, na ladha haitoki."

Wameniruhusu nizungumze nanyi juu ya jambo hili bila kuwataja.

Kifaa hicho ni aina ya sigara ya kielektroniki, ile vijana wanaita vepu. Ndani yake mna betri, waya mwembamba uliosokotwa na kipande cha pamba. Betri hupasha waya moto, waya huchemsha maji yaliyo kwenye pamba, na mtu huvuta mvuke wake. Katika vifaa vingi maji hayo hukaa ndani ya kitangi. Lakini kipo kisicho na tangi, ambacho mtumiaji hufungua na kudondosha matone yeye mwenyewe juu ya pamba, avute mara chache, kisha adondoshe tena. Wao husema wanadripu. Usichanganye na dripu yetu ya hospitali, hiyo ni ya kuokoa maisha!

Nayasema maji, lakini kwa kweli si maji. Ni mchanganyiko wa propilini glikoli, glisirini, vionjo vya matunda au peremende, na mara nyingi nikotini, ile ile iliyomo kwenye tumbaku. Glisirini unaijua, unampaka mtoto ngozi ikikauka. Lakini ngozi ni ngozi na mapafu ni mapafu.

Basi kwa nini koo linakwaruza? Sababu ya kwanza ni pamba kukauka. Kwa kuwa hakuna tangi, matone machache huisha upesi. Mtu akivuta tena kabla ya kuongeza, waya unaunguza pamba tupu. Sababu ya pili ni moto mwingi, kwa maana vifaa vingi vya aina hii vina kitufe cha kupandisha nguvu ya betri. Ya tatu ni nikotini kali. Ukisoma lebo utaona namba: 3, 6, 12, 20, hata 50. Hizo ni miligramu za nikotini katika kila mililita moja. Kijana yule alikuwa amenunua ya 50, ambayo hutengenezwa kwa vifaa vidogo vya moto hafifu, akaidondosha kwenye kifaa kinachotoa mvuke mzito. Hata propilini glikoli peke yake hukausha koo.

Na ladha je? Ladha hupungua kwa sababu vionjo vitamu huungua na kuganda kwenye waya, vikawa vyeusi kama sukari iliyoungulia sufuriani. Tena mdomo uliokauka na ulimi uliozoea embe kutwa nzima hausikii embe tena.

Sasa mama, sikiliza alivyofanya. Ladha ilipopungua, aliongeza moto. Koo lilipowaka, aliongeza matone. Alipoona haridhiki, alinunua kali zaidi. Yaani mwili ulipiga kengele, naye akatafuta namna ya kuizima.

Moto unapozidi, yale maji hayabaki yalivyo. Propilini glikoli na glisirini huvunjika na kutoa sumu. Moja ni formaldehidi. Ikichanganywa na maji huitwa fomalini, ile wanayohifadhia maiti mochari. Nyingine ni akrolini, ambayo umekutana nayo jikoni: mafuta ya kupikia yakiachwa motoni hadi yatoe moshi, ule moshi unaochoma macho na kukukohoza una akrolini. Mtoto wako akianza kukohoa jikoni unafungua dirisha na kumtoa nje. Huyu wetu aliuvuta kwa hiari, kilindini mwa mapafu.

Asidhani mtu kuwa ni kijana mmoja tu mkaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji wanafunzi wa sekondari katika jimbo la Connecticut. Kati ya wale waliowahi kutumia sigara za kielektroniki, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa amejaribu njia hii ya matone. Walipoulizwa sababu, wengi walitaja mvuke mzito, wengine ladha bora, na wengine walisema walitaka koo liguswe kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ule mkwaruzo wapo wanaoutafuta.

Nilimjibu kijana kwa ukweli. Nilimwambia pamba ikiungua aache kuvuta papo hapo, na ile namba 50 haikuwa ya kifaa chake. Sikuona faida ya kumficha. Lakini nilimwambia pia kwamba hakuna pamba mpya itakayoliponya koo lake akiendelea kuvuta. Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, kuiacha kabisa na kuhamia mvuke humpunguzia sumu nyingi za moshi. Huyu hakuwahi kuvuta sigara hata moja, kwa hiyo hana alichopunguza, ameongeza tu. Mwili uliozoea nikotini huleta hasira, kukosa usingizi na hamu kubwa mtu anapoacha, hasa siku chache za kwanza, kisha hupungua kwa majuma. Mama asimchukulie kuwa amekosa adabu siku hizo. Anaweza pia kupiga simu NACADA, nambari 1192, ambayo haina malipo.

Kilichonitia hofu zaidi ni kichupa. Nilimuuliza anakiweka wapi, akasema juu ya meza, kwani anakihitaji kila baada ya dakika chache, na kifuniko hakifungi sana. Nyumbani kuna dada yake wa miaka 2!

Hebu tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kwa maji ya namba 50, kijiko hicho kina miligramu 250 za nikotini. Mvutaji mzima hupata kama miligramu 1 hadi 2 tu kutoka sigara moja. Na haya yananukia embe, yana picha ya embe, na mtoto wa miaka 2 hajui kusoma. Mwaka 2014, mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York baada ya kunywa nikotini ya maji. Mwaka 2016 Marekani ilipitisha sheria kwamba chupa hizi ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kiwango kisichozidi miligramu 20 kwa mililita. Kichupa kinachouzwa mtaani kwako huenda hakina kifuniko hicho wala kiwango hicho.

Akina mama wa Kenya tunajua habari ya mafuta taa kwenye chupa ya soda. Hii ni ndugu yake, tena ina kasi kuliko mafuta taa.

Mtoto akinywa, utamwona anatapika, mate yanamjaa, anatoka jasho, anabadilika rangi, moyo unampiga mbio. Baadaye hulegea, hutetemeka au hupata degedege, na pumzi huwa nzito. Usisubiri kuona yote. Futa mdomo wake kwa kitambaa chenye maji. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, najua nyanya watanikasirikia hapo, lakini akilegea vitampalia na kuingia mapafuni. Yakimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, maana nikotini hupita kwenye ngozi. Kisha bodaboda, gari la jirani, chochote, hadi hospitali, na ubebe kile kichupa ili daktari asome lebo. Akipoteza fahamu mlaze ubavu.

Na wewe mama mjamzito au unayenyonyesha, kama ni wewe unayevuta, njoo kliniki tuzungumze, sitakukaripia. Nikotini humfikia mtoto tumboni, na hupita kwenye maziwa pia.

Mama yule alirudi nyumbani nasi tukiwa tumekubaliana mambo mawili. Kichupa kifungiwe kwenye sanduku la bati lenye kufuli hadi kijana atakapoamua kukirudisha kwangu, na pamba zilizotumika zisitupwe kwenye ndoo ya taka iliyo wazi, kwa sababu nazo zimelowa nikotini. Juma lililopita kijana alikuja peke yake. Koo limepoa. Kichupa bado hajakileta, anasema bado anafikiria.

Leo jioni, kabla hujalala, angalia juu ya kabati, chini ya mto na mifuko ya koti la kijana wako. Ukikikuta, usianze kwa kelele. Soma namba kwanza, halafu mkae chini mwongee.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumzia kuhara kwa watoto na maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.