Gari la Kikundi Likivuka Mpaka

(Mazungumzo haya yalitolewa Rombo na dereva wa siku nyingi, mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Rombo, Illasit na Kitengela. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Niliambiwa nizungumze juu ya usalama barabarani, lakini hilo ni jambo kubwa, linaweza kutuweka hapa mpaka jioni. Nitachukua kipande kimoja tu, kile ambacho kimekula pesa za vikundi vyetu. Dereva wetu akisimamishwa na polisi wa nchi jirani, afanye nini?

Sisi wa Rombo mpaka tunauona kama ua wa jirani. Ukisema unaenda Rombo, utaulizwa Rombo gani, kwa sababu iko yetu na iko ile wilaya ya upande wa Kilimanjaro. Tunaoana, tunazikana, ndizi tunazouza zinatoka Mwika na Marangu. Kwa hivyo mtu akivuka Illasit kuingia Tarakea anaona bado yuko nyumbani. Kwa miguu, labda. Lakini gari halina shangazi ng'ambo. Namba yake inaanza na K, na askari anajua wewe ni mgeni kabla hujafungua mdomo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari yangu ya kwanza na pikapu ya kikundi ilikuwa kuchukua ndizi na parachichi. Nilikuwa nimebeba mali ya akina mama ishirini na wawili, na nilikuwa na haraka ya kuwahi soko. Nikapita kijiji kimoja, sitakitaja, kibao kimeandikwa 50, mimi niko 67. Mbele kidogo askari aliyevaa nyeupe akanionyesha mkono. Wenzetu kule huita hiyo "kupigwa tochi". Tochi ni kile chombo cha kupima mwendo. Mara nyingi anayekupiga tochi hata humwoni. Amekaa huko nyuma, anatuma picha kwa simu kwa mwenzake wa mbele.

Nikasimama vizuri. Halafu nikaharibu kila kitu. Nikateremsha kioo nikasema, "Eeh, sema, shida ni gani?" Hapa kwetu hayo ni mazungumzo ya kawaida, si ndiyo? Kule ni matusi. Yule askari alikuwa mtu mzima kuniliko, na mimi hata sikumwamkia. Akaniambia nilete kadi ya gari. Mimi nikampa ile kadi ya njano ya bima. Akairudisha, akasema tena, kadi ya gari. Nikadhani ananizungusha. Kumbe kadi ya gari kwao ndiyo logibuku yetu, na mimi logibuku nimeiacha kwa sanduku la mweka hazina, Rombo!

Jambo la tatu ndilo baya zaidi. Nilikuwa nimekunja noti ndani ya leseni, kama tulivyozoea. Sikusema kitu, nikamnyoshea tu. Akaifungua, akaitazama, akaniuliza mbele ya watu, "Hii ni nini?" Sasa nikawa na kesi mbili. Moja ya mwendo, ambayo ilikuwa ya faini. Nyingine ya kutoa rushwa, ambayo ni ya jela. Nilikaa kituoni karibu saa sita. Mwishowe mkubwa wao alinionya sana, nikalipa faini ya mwendo, nikapewa risiti yangu, nikaachwa. Lakini parachichi zilikuwa zimepikwa chini ya turubai. Tulipopiga hesabu kwenye mkutano wa kikundi, hasara ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile faini. Na mwenyekiti wetu, mama ninayemheshimu sana, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani alimtuma huyu bila logibuku?" Kila mtu akatazama chini.

Swali hilo ndilo nimekuja nalo leo. Tunapenda kumlaumu dereva, lakini nusu ya kesi ya barabarani inashindwa au kushinda kabla gari halijawashwa.

Gari likiwa la kikundi, jina lililo kwenye logibuku mara nyingi ni la kikundi au la mwanachama mmoja, si la dereva. Askari wa nchi nyingine atajuaje kwamba hujaliiba? Magari ya wizi yamepita mipaka hii miaka mingi, tusijifanye hatujui. Kwa hivyo kikundi kiandike barua ya ruhusa. Itaje jina la dereva na namba ya kitambulisho chake, namba ya gari, anakwenda wapi na anarudi lini. Mwenyekiti na katibu watie sahihi, mhuri upigwe. Barua hiyo ikae pamoja na logibuku au nakala yake iliyothibitishwa, leseni ya dereva, bima, na kadi ya njano. Hiyo kadi ya njano ni bima ya mpango wa COMESA. Wengine husema haifanyi kazi Tanzania kwa sababu Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Si kweli. Tanzania ilibaki katika mpango wa kadi ya njano.

Halafu kuna kibali cha muda cha gari kinachotolewa na watu wa forodha mpakani. Kina tarehe ya mwisho. Dereva akikaa matanga siku tatu zaidi na kibali kimekwisha, gari linaweza kushikwa, na hapo hata uongee namna gani. Na dereva mwenyewe asitegemee kitambulisho cha Kenya peke yake. Kitambulisho kinatosha kwenda Uganda na Rwanda tangu 2014, lakini Tanzania haikuingia katika mpango ule. Awe na pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria.

Wazee wananiangalia kama ninazidisha. Wazee wangu, mnakumbuka mpaka huu ulifungwa 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukakaa hivyo mpaka 1983. Na hata baada ya Jumuiya kurudi, mwezi wa Oktoba 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa kwetu Kajiado waliovuka kutafuta malisho walipigwa mnada upande wa pili. Tulilia undugu, lakini undugu haukuwa na karatasi. Mimi sisemi ilikuwa haki. Nasema ilitokea.

Sasa umesimamishwa. Ukiona mkono wa askari, punguza mwendo, washa taa ya kushoto, toka barabarani kabisa, usimame. Usijifanye hukuona. Askari wa mbele ana simu, na wengine wana bunduki, na mgeni anayekimbia hakuna atakayemwombea. Zima injini. Ikiwa ni usiku, washa taa ya ndani. Mikono iwe juu ya usukani, si chini ya kiti ukitafuta makaratasi. Kaa ndani ya gari mpaka uambiwe ushuke.

Kisha salimu. Akiwa mtu mzima kwako, "Shikamoo, afande." Akiwa kijana, "Habari za kazi, afande." Vijana wa Kitengela watacheka, lakini nawaambia, shikamoo moja imeokoa magari mengi kuliko wakili. Na usiseme "nipe risiti", sema "naomba risiti". Wenzetu Kiswahili chao kina "naomba" na "samahani" kila mahali, na Kiswahili chetu cha soko wanakisikia kama amri. Jambo lingine linalotuhusu sisi hasa: usigeuke kuongea Kimaasai na abiria wako wakati askari amesimama dirishani. Hata kama unamwambia ashike mbuzi, askari atafikiri mnapanga kitu. Ongeeni Kiswahili mpaka mmalize.

Akisema kuna kosa, uliza kwa upole ni kosa gani. Hiyo si kiburi, ni haki yako. Ikiwa ni kweli umekosa, kama mimi na ile 67, kubali, usipoteze muda. Faini ya papo kwa papo ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 za kwao kwa kosa moja. Inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, na inaacha alama. Pesa isiyoacha alama si faini. Kumbuka, mweka hazina atakuuliza ilikwenda wapi, na wewe utasema nini? "Nilimpa mtu"?

Hapo najua swali litakalokuja. Je, akitaka kitu kidogo mwenyewe? Mwambie hivi, bila hasira: "Afande, gari hili ni la kikundi, pesa zote natolea hesabu. Naomba uniandikie." Rudia maneno hayohayo. Usimtishe, usimwite mwizi, usichomoe simu kumpiga picha usoni. Tazama namba yake ya kazi uikumbuke, na saa, na mahali. Ukifika penye usalama, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Wengine wataniambia hiyo inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha. Nimewahi kukaa saa nzima kwa sababu ya maneno hayo, halafu nikaambiwa, "Nenda." Na siku nyingine niliandikiwa kosa ambalo mpaka leo sijalielewa. Sitawadanganya kwamba inafanya kazi kila mara. Lakini ukitoa, kwa sheria za nchi zote mbili mtoaji ni mkosaji sawa na mpokeaji, na wewe ndiye uliye mbali na kwenu.

Kama hukubali kosa, usibishane kando ya barabara. Sema unaomba jambo lipelekwe kituoni au mahakamani. Ukikamatwa kweli, unaweza kuomba ubalozi wa nchi yako ujulishwe. Wetu uko Dar es Salaam. Na piga simu kwa katibu wa kikundi kabla chaji haijaisha. Namba yake iandikwe kwenye karatasi pia, si ndani ya simu tu.

Ndugu zetu wa Kitengela, nanyi mnisikilize. Malori yenye namba za T yanapita kwenu kila siku kutoka Namanga, na tangu kile kituo cha pamoja cha Namanga kifunguliwe rasmi Desemba 2018 yamezidi kupita. Yule dereva akisimamishwa Isinya au Kitengela ni mgeni kama mimi nilivyokuwa mgeni. Mara nyingi nyinyi ndio mnamuuzia chakula, na ndio mnamshauri "atoe tu aende". Mwambieni ukweli badala yake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, haikusema Mkenya aliyekamatwa. Imesema mtu aliyekamatwa. Anatakiwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama saa hizo zimeangukia sikukuu. Dhamana ya polisi haiuzwi. Akiweka dhamana ya pesa taslimu, lazima apewe risiti. Akionewa, IPOA ni 1559, na tume ya kupambana na ufisadi ni 1551, zote bure.

Karibu nisahau vitu vya ndani ya gari. Pembetatu mbili za tahadhari, mbili, si moja na nusu. Mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe yake haijapita. Mikanda inayofunga. Na kule, penye kivuko cha pundamilia, mtu akiwa amesimama anataka kuvuka, simama. Hapa kwetu tunampigia honi!

Nimekuja na nakala za ile barua ya ruhusa, tuliyoiandika sisi baada ya hasara ya parachichi. Ziko hapa mezani, kila kikundi kichukue moja. Mama wa kule nyuma, naona umeinua mkono tangu niliposema shikamoo. Karibu, uliza.