Ushabiki wa Timu ya Miwa

Apitaye Kilosa mjini, penye stesheni ya Reli ya Kati, au Mikumi, palipo barabara kuu ikatishayo hifadhi, ataona aghalabu jezi za Simba na Yanga, timu za Dar es Salaam, ilhali Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichomo katika mkoa huo huo wa Morogoro, ndiyo iliyothubutu kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999, ikaurudia mwaka 2000. Kuishabikia timu ya mashamba ya miwa kwataka subira na inadi kidogo, hasa redio inapoinadi dabi ya Kariakoo, ya Simba na Yanga, juma zima na matokeo ya Manungu, uwanja wa Mtibwa, kwa sentensi moja. Na katika taksiri hiyo, insafu yanilazimu kukiri, sisi watangazaji tumo.