Kimo cha Meza ya Samaki

Ndugu msikilizaji, leo sitazungumzia nauli za daladala wala mashimo ya barabarani. Nitazungumzia meza. Na si meza ya mkutano ambako watu wanagawana madaraka, ni meza ya kuwekea tangi la samaki sebuleni, na hasa kimo chake kutoka sakafuni. Najua yuko atakayesema kwamba bwana huyu leo amekosa la kusema. Namwomba avumilie.

Mwaka 2022 mama yangu mzazi alipata kiharusi. Alipotoka hospitali upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala, nasi tukamhamishia kwangu hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa chumba cha nyuma ni chembamba na kina joto, tuliweka kitanda chake sebuleni, pembeni mwa ukuta, mahali ambapo upepo wa dirishani unafika. Mama ni mtu wa Kigoma. Amezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Tanganyika, na mpaka leo ukimpa samaki wa baharini atakula kwa adabu tu, halafu atakuuliza migebuka siku hizi inapatikana wapi. Basi nikapata wazo la kumletea kipande cha ziwa lake ndani ya nyumba, ili macho yawe na kazi kuliko kuangalia dari mchana kutwa.

Nilinunua tangi la vioo, urefu sentimeta 100, upana 40 na kwenda juu 45. Nikatafuta wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya nyumba tupu za konokono. Kama hujawahi kuwaona, umepitwa. Dume mzima hafiki hata urefu wa kidole chako cha kati, lakini ana kiburi cha mwenye nyumba wa Kariakoo. Anachimba mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anaizika nyumba yake ya konokono mpaka mlango tu ubaki wazi. Jike hutaga mayai humo humo ndani. Ziwa lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi, na lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo, wengi wao hawapatikani penginepo. Hao wangu huishi chini, mchangani. Ukumbuke neno hilo, chini, maana ndilo lililoniumbua.

Sasa meza. Dukani waliniambia bei ya meza ya chuma, nikatoka kimya kimya. Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, nikamwambia nataka meza ya mbao, miguu ya mbili kwa nne, kimo futi tatu. Akaniuliza kwa nini futi tatu. Nikamjibu kwamba nimeona hivyo kwenye picha. Ukweli ni kwamba nilitaka mgeni akifungua mlango tu, kabla hata ya kusema hodi ya pili, tangi liwe limemkabili usoni. Fundi akakuna kichwa, akasema, "Mzee, maji ni mazito."

Hapo alisema kweli, na niwape hesabu yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi langu likijazwa mpaka sentimeta 40 linachukua lita 160. Ongeza vioo, kama kilo 33 vikiwa na unene wa milimita 8, ongeza mchanga na mawe, unakaribia kilo 230. Hiyo ni zaidi ya mifuko minne ya saruji, imesimama juu ya miguu minne, mahali watoto wanapocheza. Fundi alinifundisha mambo mawili ambayo nayatoa bure. La kwanza, mbao za juu zilale juu ya miguu, zisipigiliwe ubavuni mwake, maana zikipigiliwa ubavuni ni misumari inayobeba mzigo na si mti. La pili, nyuma ya meza papigiliwe ubao mpana au mbao ya mshazari, la sivyo siku moja meza itainama upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Na kabla ya kuweka tangi, pimamaji ipite juu kwa urefu na kwa upana. Chini ya kioo tuliweka kipande cha povu jeupe gumu, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni, ili kibonge kidogo cha mbao kisije kikapasua kioo.

Meza ikasimama, futi tatu kasoro kidogo, sentimeta 90 kwa wale wa shule za siku hizi. Nikaweka mchanga, nyumba za konokono, maji, na baada ya majuma kadhaa samaki. Wageni walisimama mlangoni wakasema "Aisee!" Nami nilisimama nyuma yao nikijifanya sijasikia.

Shida za kimo zilianza taratibu. Mama watoto ni mfupi kuliko mimi. Ukingo wa juu wa tangi ulikuwa sentimeta 135 kutoka sakafuni, kwake yeye ni begani hasa, na mkono wake haukuweza kugusa mchanga mpaka apande kigoda. Hebu fikiria mtu juu ya kigoda, mkono majini, taa ya umeme iko karibu na sikio. Baadaye ndipo nilipopata kipimo rahisi: ukingo wa tangi usizidi kwapa la yule atakayelisafisha. Anayesafisha, si anayelinunua. Nyumba nyingi hao ni watu wawili tofauti. Na kujaza maji nako kulikuwa adhabu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kuinyanyua mpaka kifuani na kuimimina polepole bila kutibua mchanga si kazi ya mtu aliyevuka miaka hamsini. Niliishia kuteka kwa kopo, kopo baada ya kopo.

Halafu kuna kile kimashine cha kupuliza hewa. Kila mtu hukiweka chini ya meza, kwenye rafu, kwa kuwa ndipo kinapojificha. Nami nikakiweka hapo. Usiku mmoja umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, na kwa kuwa iko chini kuliko maji, maji yakarudi na mrija ule ule wa hewa, yakapita ndani ya mashine, yakashuka sakafuni. Asubuhi tuliamka tukakuta zulia linaogelea. Dawa yake ni kuweka mashine juu kuliko usawa wa maji, au kununua kile kivali kidogo cha kuzuia maji kurudi. Na waya wa umeme uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kwenye soketi, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Haya ni mambo madogo yanayoua watu.

Lakini hayo yote yasingenifanya niibomoe meza. Nilikuwa nimeshanunua kivali, nimeshazoea kopo, na wageni walikuwa bado wanasema "Aisee".

Kila jioni nilipotoka kazini nilimwuliza mama, "Mama, umewaona samaki wako leo?" Naye hunijibu, "Nimewaona, mwanangu. Wazuri sana." Shangazi alipokuja kumjulia hali, mama alimwambia kwamba mtoto wake amemletea Tanganyika nyumbani. Nilifurahi mpaka nikamwongezea dume mwingine.

Siku moja, hiyo ilikuwa mwaka 2023, mama alipelekwa kliniki na dada yangu, nami nikabaki nyumbani na mgongo unaouma. Nikajilaza kwenye kitanda chake kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nikageuka ubavu, ubavu ule ambao yeye hulalia kwa kuwa ule mwingine haumtii. Nikaangalia tangi.

Sikuona kitu. Jicho la mtu aliyelala kwenye kitanda kile, kichwa kikiwa mtoni, liko sentimeta 60 kutoka sakafuni. Nilipima baadaye kwa futi kamba. Mchanga wa tangi ulikuwa kwenye sentimeta 95. Kwa hiyo nilichokiona ni ukingo wa mchanga kama ukuta wa boma, na nyuma yake samaki wangu wote wamejificha, kwa kuwa samaki hao, nimewaambia, huishi chini. Juu ya mchanga palikuwa na maji matupu. Juu ya maji palikuwa na ule mng'ao, maana uso wa maji ukiuangalia kutoka chini kupitia kioo cha mbele huwa kama kioo cha kujitazamia, hauonyeshi kilichoko juu yake. Na kwenye ule uwazi kati ya maji na mfuniko, taa ilikuwa inanipiga moja kwa moja machoni.

Miezi saba mama aliangalia taa na maji matupu, na kila jioni aliniambia wazuri sana.

Sikumwambia lolote aliporudi. Nilimpa uji. Kesho yake nikamwita fundi, lakini akasema ana kazi ya milango mpaka mwisho wa wiki. Subira ilinishinda. Nilinyonya mrija kama wanavyonyonya wezi wa petroli, nikameza maji kidogo, nikatoa maji yote, samaki nikawahifadhi kwenye ndoo pamoja na maji yao ya zamani. Tangi lenye maji halisogezwi, hata robo tu, maana kioo kikijipinda kidogo gundi huachia. Tukaliteremsha watu watatu. Kisha nikachukua msumeno nikakata miguu ya meza mwenyewe.

Msikilizaji, kama hujawahi kukata miguu minne ya meza ili ilingane, usianze ukiwa na haraka. Mguu mmoja ulipungua, meza ikayumba. Nikakata mitatu mingine ifanane nao, mmoja wao nao ukapungua zaidi. Nilipofika mara ya tatu mama watoto alinipokonya msumeno. Tangi likakaa sakafuni siku nne, samaki kwenye ndoo, mama akiniuliza kuna nini, nami nikimjibu kwamba kuna ukarabati.

Fundi alipokuja alinitazama, akaitazama meza, hakusema kitu. Huo ndio uungwana. Akaanza meza mpya. Akauliza kimo. Safari hii nilimpeleka kitandani, nikamlaza, nikamwambia onyesha kwa kidole pale jicho lako lilipo ukutani. Tukaweka alama ya penseli. Tukataka mchanga uwe chini kidogo ya alama ile, ili mtu aangalie kwa kushuka kidogo, aone uwanja mzima wa mchanga mpaka nyuma. Jicho sentimeta 60, mchanga 55, unene wa mchanga 5, meza 50. Inchi ishirini hivi. Fundi akacheka, akasema hii si meza, hii ni kigoda.

Wageni wetu sasa hawapendi. Ukisimama mlangoni unaona mfuniko na taa, na ukitaka kuona samaki lazima uchuchumae. Rafiki yangu mmoja amesema nimeweka tangi la kuwatazama samaki utosini. Kusafisha kumekuwa rahisi kwa mkono na kugumu kwa kiuno. Mrija wa kutolea maji bado unafanya kazi, kwa kuwa ndoo yangu ina kimo cha sentimeta 38 na chini ya tangi ni 50. Ningeshusha meza chini ya mdomo wa ndoo, maji ya mwisho yangegoma kutoka. Kwa upande mwingine meza fupi haina wasiwasi wa kupinduka, na hilo lina uzito wake kwa sababu ya mjukuu wangu wa miaka miwili, ambaye kwa futi tatu alikuwa anaona mbao tu na sasa amebandika pua kwenye kioo kutwa. Tumeondoa vigoda vyote karibu, mfuniko tumeuwekea kitasa kidogo, na mbele ya meza hakuna rafu wala mbao ya kukanyaga. Kioo kina alama za vidole kuanzia chini hadi katikati. Nimeacha kuzifuta.

Siku ya kwanza baada ya maji kujaa sikumwuliza mama kama amewaona samaki. Nilikaa nikasoma gazeti. Baada ya muda akaanza mwenyewe. Akasema huyu mwenye kiherehere anahamisha mchanga wa mwenzake. Akasema yule mdogo anaingia nyumba isiyo yake. Akaniuliza kama hata kule ziwani, chini ya mitumbwi ya baba yake, walikuwepo hao hao wakifanya fujo hizi na wao juu hawajui. Nikamwambia ndiyo, walikuwepo.

Wiki tatu zilizopita alinishtua asubuhi kabla sijavaa viatu. Alisema kwenye nyumba ya konokono ya kushoto wametoka watoto, kumi na mmoja. Nikapiga magoti, nikasogeza miwani, nikahesabu mara mbili, nikapata tisa. Mama akasema hesabu tena.