Kusikiliza Nako Hufundishwa

Kama una sukuma mkononi, endelea kukata. Mazungumzo ya leo hayahitaji kalamu, yanahitaji masikio tu.

Pengine una kijana wako, au wa jirani, anayesomea saikolojia chuo kikuu, na umewahi kujiuliza anafundishwa nini hasa huko. Wengi hudhani anafundishwa kusoma mawazo ya watu. La. Akielekea upande wa ushauri nasaha, moja ya mambo ya mwanzo anayofundishwa ni namna ya kukaa na mtu na kumsikiliza. Laonekana jambo dogo, maana kila mmoja wetu ana masikio mawili. Lakini hufundishwa kwa mazoezi, kama sisi wauguzi tunavyofundishwa kudunga sindano: unajaribu, unasahihishwa, unarudia.

Zoezi moja linalotumika sana ni hili. Wanafunzi hukaa watatu watatu. Wa kwanza anaeleza jambo linalomsumbua kweli, labda karo, labda ugomvi na mwenzake wa chumbani. Wa pili anasikiliza. Wa tatu hasemi neno. Kazi yake ni kutazama na kuandika. Je, msikilizaji amemkatiza mwenzake mara ngapi? Ametoa ushauri kabla ya kuombwa? Ameangalia simu? Baada ya dakika chache anasoma alichoandika, kisha wanabadilishana nafasi. Mtu aliyejiona msikivu sana huweza kuambiwa hakumwacha mwenzake amalize hata sentensi mbili. Nyinyi wa chama mnaweza kulijaribu zoezi hili mkikutana, dakika tano kwa kila mmoja. Mtacheka, lakini mtajijua.

Mafunzo haya yanadaiwa mengi na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1902 na kufariki mwaka wa 1987. Wakati wake, wataalamu wengi waliona kazi yao ni kumwambia mgonjwa kasoro yake iko wapi. Rogers alisema mtu mwenye shida anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu, anayejitahidi kuona mambo kwa macho yake huyo mwenye shida, na asiyejifanya. Njia moja ni kumrudishia mtu maana ya alichosema, kwa maneno yako, ili akuambie kama umemwelewa. Akisema, "Nimechoka na kila kitu," unaweza kumjibu, "Naona mzigo umekuelemea." Si kuiga maneno yake kama kasuku. Ukikosea, atakurekebisha mwenyewe, na hapo ndipo mazungumzo huanza.

Rogers alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Thomas Gordon. Huyu aliona mzazi anaweza kujifunza haya bila kukanyaga chuo, na mwaka wa 1962 akaanza kuwafundisha wazazi huko California. Gordon alitaja njia 12 ambazo sisi wazazi huzitumia kufunga mdomo wa mtoto bila kujua. Nyingine mnazijua: kuamrisha, kutisha, kuhubiri, kulaumu, kudhihaki. Lakini alitia humo pia kutoa ushauri, na hata kufariji. Ndiyo, mama, kufariji! Mtoto anaanza kulia, nawe kwa upendo wako wote unamwambia, "Nyamaza, si kitu, yataisha." Umemaanisha mema. Yeye amesikia kwamba mazungumzo yamefungwa.

Simaanishi usimfariji mwanao. Namaanisha ngoja kwanza amalize.

Jambo moja nawaomba tulibadilishe kidogo kulingana na malezi yetu. Vitabu vya vyuo kutoka Marekani humwambia mwanafunzi amkabili mtu uso kwa uso na amtazame machoni. Hapa kwetu watoto wengi wamefunzwa kutomkazia mkubwa macho. Ukimkalisha mbele yako na kumtazama, atadhani ameitwa achapwe. Kaeni ubavu kwa ubavu mkichambua maharagwe, au nendeni pamoja kuchota maji. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Sasa kwa nini muuguzi anawaletea mambo ya chuo kikuu katika kipindi cha afya? Sababu ni hii. Tuseme una binti wa miaka tisa, na jioni moja anakwambia, "Mama, sitaki kwenda tena kwa mjomba." Umechoka, uji unafurika jikoni. Jibu la haraka ni, "Wacha adabu mbaya, mjomba anakupenda." Binti atanyamaza, na huenda asiseme tena. Mtoto anayeumizwa mara nyingi hasemi yote kwa mara moja. Hutupa neno moja dogo, kisha hutazama utalipokeaje.

Epua sufuria. Mwambie, "Hutaki kwenda tena kwa mjomba." Kisha kaa kimya. Kimya hicho kitakuwasha, lakini kivumilie, kwa sababu mtoto anatafuta maneno. Asipoendelea, muulize swali ambalo halijibiwi kwa ndiyo au la: "Huwa inakuwaje ukiwa huko?" Usiulize, "Kwa nini hukuniambia?" maana hilo ni lawama iliyovaa nguo ya swali. Wala usimtilie maneno kinywani kwa kumuuliza, "Alikushika hapa?" Mwache aseme kwa maneno yake, na usimbane asimulie yote usiku huohuo.

Huenda ikawa ni jambo jepesi, mbwa mkali tu au binamu mchokozi. Basi umemsikia mwanao, na amejua anasikika.

Lakini akisema ameguswa au ameumizwa, mwambie mambo matatu: unamwamini, si kosa lake, na amefanya vyema kukuambia. Usimwahidi kuiweka siri, kwa sababu utahitaji kuwaambia watu wa kumsaidia. Kama alinajisiwa, mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Usimwogeshe kabla ya daktari kumwona. Nguo alizovaa usizifue. Ziweke katika mfuko wa karatasi uende nazo. Hata kama saa 72 zimepita, nenda, kwa maana kuna matibabu mengine na ushauri nasaha anaohitaji. Polisi nao wapewe habari, lakini matibabu yasingoje foleni ya kituoni.

Na tafadhali, msianze kwa kuita baraza la ukoo. Nimewaona wazee wakikaa siku tatu wakijadili mbuzi wangapi watalipwa, na hizo siku tatu ndizo zilezile saa 72. Neno hili nalisema pia kwa kina nyanya na mashangazi, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuambiwa.

Ukiwa hujui uanzie wapi, kuna simu ya watoto, nambari 116. Kuipiga ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Wanaopokea wamefunzwa kusikiliza, kwa hivyo usiogope ukishindwa kupanga maneno. Wakati mwingine mtu hupiga akalia tu kwanza, na hilo si vibaya. Nambari hiyo tena ni moja, moja, sita.