Habari za Reli ya Tanga na Kukodishwa Kwake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za reli ya Tanga, kwa kuwa ndani yake limo fundisho kwa kila mwenye mali: mali ikikodishwa, ni nani aitunzaye?

Mwaka 1891 Wadachi waliunda kampuni ya kujenga reli toka bandari ya Tanga kuingia Usambara. Kazi ilianza mwaka 1893, nao wazee wetu ndio waliofyeka mwitu na kubeba vyuma kwa jasho lao. Hata ulipofika mwaka 1896, njia ilikuwa imefika Muheza tu, mwendo wa kilometa 40, na fedha za kampuni zimekwisha. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Reli hula fedha nyingi kabla ya kuleta fedha, na kahawa ya Usambara, iliyotumainiwa kuwa mzigo wake, haikuzaa kama ilivyotazamiwa.

Mwaka 1899 Serikali ya Kidachi ikainunua njia ile, ikaiendeleza hata Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Katika mwaka huo wa 1905 Serikali ikafanya shauri jipya. Haikuiuza reli, wala haikutaka kuiendesha yenyewe. Iliikodisha kwa kampuni ya Kidachi ya jamaa ya Lenz, wenye ujuzi wa kazi hiyo. Hapa tuangalie sana, maana wengi huchanganya mambo haya mawili. Auzaye amekwisha kutoka katika mali yake. Akodishaye angali mwenyewe, na siku moja itamrudia, nzima au mbovu.

Kwa reli hii shauri lile lilifaa, nasi twaona sababu mbili. Kwanza, mizigo ilipatikana. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge toka Florida. Iliyopona ni 62 tu, lakini katika hiyo yalitoka mashamba makubwa ya mkonge ya nchi ile. Pili, kampuni iliyoendesha magari ndiyo iliyojenga njia ya mbele. Na ajengaye akijua kwamba atapita mwenyewe hana budi kujenga vema. Mwaka 1911 reli ikafika Moshi, kilometa 352 toka Tanga. Vita vikaukata mkataba ule, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaitwaa njia. Mwaka 1929 reli ikafikishwa Arusha.

Miaka mingi baadaye shauri la kukodisha likarudi. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilizikodisha reli zake kwa miaka 25, kampuni ya RITES ya Uhindi ikishika hisa 51 katika kila 100, na Serikali 49. Safari hii mambo hayakwenda. Wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, pande mbili zikalaumiana, na ulipofika mwaka 2011 reli zilikuwa zimerudi mikononi mwa Serikali. Magari ya abiria yalionekana tena Moshi mwaka 2019, baada ya njia kutengenezwa.

Basi, tusiseme kwamba kukodisha ni kubaya, wala kwamba ni kuzuri. Tutazame mapatano. Aliyekodi shamba kwa mwaka mmoja hapandi minazi. Hupanda mihogo, akavuna, akaenda zake. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, iwe kwa reli, shamba au nyumba, tuulize: ni kwa muda gani? Nani atatengeneza kilichovunjika, na kwa fedha ya nani? Itarudishwa katika hali gani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya wote wenye haki. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.