Sukari ya Mama Mwenye Mimba ni Shauri la Nyumba Nzima

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa ombi la Wanachama



Kila mwaka kazi yangu katika mkutano huu ni kuwasomea hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza niseme pia juu ya hesabu ya namna nyingine, nayo ni hesabu ya sukari katika damu ya mama mwenye mimba. Huenda mzee mmoja akajiuliza moyoni: Je, karani huyu ana haja gani na mambo ya wakunga? Swali hilo ni la haki. Mimi si daktari, wala sikuja kuishika kazi ya daktari. Lakini haya nitakayoyasema ni yale ambayo wauguzi huwaeleza akina mama katika kliniki, na mara nyingi mama huyasikia peke yake, kisha hurudi nyumbani asimpate mtu wa kumsaidia kuyatimiza. Ugali haupikwi kliniki, hupikwa nyumbani. Nauli ya gari hutoka mfukoni mwa mume. Desturi ya kumlisha mja mzito iko mikononi mwa mama mkwe na mashangazi. Basi shauri hili ni la kwetu sote, na ndiyo sababu nimethubutu kusimama mbele yenu.

Kwanza yafaa tufahamu ugonjwa wenyewe. Chakula tulacho, hasa ugali, wali, viazi, chapati na uji, hugeuka sukari ndani ya mwili, na sukari hiyo huingia katika damu. Hizo ndizo kuni za mwili. Lakini kuni haziwezi kuingia jikoni zenyewe. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo ifunguayo mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mahali pa kazi. Mama akishika mimba, kondo la nyuma hutoa homoni ambazo huufanya mwili usiitii sana insulini. Jambo hilo lina faida yake, kwa kuwa mtoto hupata chakula cha kutosha. Kwa akina mama walio wengi kongosho huongeza kazi na hesabu husawazika. Kwa wengine kongosho hushindwa kuongeza ya kutosha, na sukari hubaki katika damu ikizidi. Hicho ndicho kisukari cha mimba, na kwa kawaida huonekana katika nusu ya pili ya mimba, tangu kama juma la 24.

Naomba neno hili likumbukwe na kila mmoja wetu: mama hakujiletea ugonjwa huu. Si adhabu, si kurogwa, wala si malipo ya ulafi. Ni kweli kwamba hatari huzidi kwa mama aliyenenepa sana, kwa mwenye umri mkubwa, kwa aliye na wazazi au ndugu wenye kisukari, na kwa aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa mno. Hata hivyo, wako wasio na dalili hizo hata moja, nao hupatwa. Kumlaumu mama ni kumfundisha kuficha, na wahenga walisema, Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa madhara yake. Sukari ya mama hupita katika kondo na kumfikia mtoto, bali insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo kongosho changa la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi, na mtoto hunenepa kupita kiasi. Hapa, Wazee wangu, nasema kwa heshima. Sisi tumezoea kushangilia mtoto mkubwa, na tukisikia amezaliwa na kilo nne na nusu twapiga vigelegele. Lakini ukubwa utokanao na sukari si nguvu. Mtoto kama huyo aweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, na dakika chache za kukwama zatosha kumwumiza mkono au kumkosesha pumzi. Mama aweza kuchanika vibaya, au kuhitaji kupasuliwa. Tena, kamba ya kitovu ikiisha kukatwa, sukari ya mama hukoma ghafula, hali insulini ya mtoto ingali nyingi, na sukari ya mtoto yaweza kushuka hata akadhurika. Juu ya hayo, mama mwenye sukari nyingi yu karibu zaidi na hatari ya shinikizo la damu katika mimba.

Mambo haya hayakukisiwa tu. Mwaka 2008 ilitangazwa habari ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 9, juu ya wanawake wapatao 25,000 wenye mimba. Ilionekana kwamba kadiri sukari ilivyozidi kupanda, ndivyo watoto wakubwa mno na kujifungua kwa kupasuliwa kulivyozidi. Kabla ya hapo, mwaka 2005, madaktari wa Australia walikuwa wamekwisha kueleza juu ya akina mama 1,000 wenye kisukari cha mimba. Nusu walipewa shauri la chakula, vipimo vya sukari, na insulini kwa waliohitaji. Nusu walipata utunzaji wa kawaida. Katika kundi la kwanza watoto waliopatwa na madhara makubwa walikuwa 1 katika 100. Katika kundi la pili walikuwa 4 katika 100. Tofauti hiyo, Bwana Mwenyekiti, haikuletwa na mashine za gharama kubwa. Ililetwa zaidi na sahani, kalamu na daftari.

Lakini mtu atajuaje? Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Kiu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni mambo ya mimba yenyewe, wala hayampi mtu hakika. Kupima mkojo hakutoshi. Njia iliyo bora ni mama kwenda kliniki kati ya juma la 24 na la 28, asubuhi kabla ya kula chochote. Hupimwa damu, kisha hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, na hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2013, lilisema kwamba mama huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba ikiwa sukari imefika 5.1 kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, kwa kipimo cha milimoli katika lita. Moja tu ya hizo yatosha. Mama aliye katika hatari kubwa zaidi hupimwa mapema, tangu siku ya kwanza ya kliniki.

Akiisha kujulikana, kazi huanzia mezani. Wengi hudhani kwamba dawa ni kumnyima mama chakula. Sivyo kabisa. Mama asishinde njaa, wala asifunge pasipo shauri la daktari, maana mtoto anajengwa kila siku. Jambo linalotakiwa ni kugawanya na kupima. Nusu ya sahani iwe mboga, kama sukuma wiki, managu, terere au kunde. Robo moja iwe maharagwe, ndengu, omena, yai, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, nduma au kiazi, nao ugali usizidi ngumi ya mama mwenyewe. Githeri ni chakula chema ikiwa maharagwe ni mengi kuliko mahindi. Ale milo mitatu ya kiasi, na kati yake kidogo kama karanga chache au kikombe cha maziwa lala kisichotiwa sukari. Tunda lililo zima ni bora kuliko maji ya matunda, na liwe moja kwa wakati mmoja.

Asubuhi ndipo mwili unapokuwa mgumu zaidi kuitii insulini, na asubuhi ndipo tunapompa mama uji mtamu, mandazi na chai iliyochemshwa pamoja na sukari. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini upendo huo unampakia mzigo. Asali nayo ni sukari, hata ikiwa imetoka mzinga wa babu. Uji wa wimbi una faida, lakini bado ni wanga. Uwe kikombe kidogo, bila sukari, na yai au maharagwe kando yake.

Baada ya kula, mama atembee dakika 10 au 15, ikiwa mkunga hakumkataza. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari. Hapa mume aweza kutoa msaada usiogharimu hata senti moja, yaani kutembea pamoja naye.

Halafu kuna kipimo. Ziko mashine ndogo za kupimia sukari kwa tone la damu la kidoleni. Mama hupima asubuhi kabla ya kula, na baada ya milo, kama alivyoagizwa, na kuandika kila hesabu katika daftari. Shabaha ya kawaida ni sukari isiyofika 5.3 kabla ya kula, isiyofika 7.8 saa moja baada ya kula, au isiyofika 6.7 baada ya saa mbili. Lakini daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi nimekaa na madaftari miaka mingi, na najua kwamba hesabu isiyoandikwa haimsaidii mtu. Daftari hilo humwonyesha muuguzi ni mlo gani uliopandisha sukari. Wala tusimkaripie mama kwa hesabu iliyopanda, asije akaanza kuandika zilizo za kutupendeza.

Ikiwa chakula na mwendo havikutosha baada ya juma moja au mawili, daktari aweza kuagiza sindano za insulini, na pengine vidonge vya metformini. Wako watu waogopao sindano, wakisema kwamba aliyeianza hataiacha. Katika kisukari cha mimba sivyo. Walio wengi huiacha mara wanapojifungua, kwa sababu kondo limetoka. Insulini ilipatikana huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na haimdhuru mtoto. Jambo la kuangalia ni sukari isishuke mno. Mama anayetumia insulini akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akichanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Ikiwa amezimia asimiminiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali upesi. Nawasihi tena bibi zetu wenye kisukari wasiwagawie wakwe zao vidonge vyao wenyewe, na mitishamba isiwekwe mahali pa insulini.

Mama huyu ajifungue hospitalini, na njia ya kumfikisha huko ipangwe kabla ya siku kufika. Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza, na sukari yake ipimwe. Wala kazi haijaisha hapo. Baada ya majuma 6 hata 12 mama arudi kupimwa, na baadaye apimwe kila mwaka mmoja hata mitatu maisha yake yote, kwa kuwa hatari yake ya kupata kisukari cha kudumu ni kubwa kupita ya wengine, mara saba hata kumi. Kunyonyesha, mwendo, na kupunguza unene humsaidia kuuepuka. Mimba hii, basi, imempa onyo miaka mingi mbele, na onyo la namna hiyo ni mali akilitumia.

Bwana Mwenyekiti, nafikia neno lililonileta. Chama chetu kina sifa ya kuzika watu wake kwa heshima. Kitabu cha michango kinashuhudia kwamba habari ya msiba ikifika, hakuna anayeulizwa mara mbili. Lakini mama atakapo nauli ya kwenda kupimwa, hakuna ukurasa wake katika kitabu hicho. Sisemi tupunguze heshima ya wafu. Nasema walio hai nao wawe na ukurasa wao.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mashauri matatu. La kwanza, Chama kinunue mashine ya kupimia sukari, pamoja na vikaratasi vyake, iazimwe kwa familia ya mwanachama aliyeagizwa na kliniki, na sindano ya kutobolea kidole isitumiwe na watu wawili kamwe. La pili, sehemu ya michango ya kila mwezi itengwe kwa nauli ya mama kwenda kupimwa na kujifungua. La tatu halina gharama, bali laokoa fedha: katika mikutano yetu chai ichemshwe bila sukari, na bakuli ya sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie apendavyo. Najua shauri hili la tatu ndilo litakalopingwa kwa sauti kubwa zaidi. Lakini mama akirudi nyumbani akute kwamba hata wazee wanakunywa chai isiyochemshwa na sukari, hataona tena kwamba ametengwa na watu kwa ajili ya kikombe chake.

Mashauri haya nayaweka mikononi mwenu, Wazee wetu, myapime na kuyakatia neno. Kazi yangu itakuwa kuandika mtakalolikata, na mwaka ujao kuwasomea hesabu yake.